Tunduma kwa Miguu

Tunduma ni mji unaojulikana na wengi na kutazamwa na wachache. Dereva wa lori anaujua kwa foleni. Wakala wa forodha anaujua kwa mihuri na karatasi. Abiria wa basi la Lusaka anaujua kwa mahindi ya kuchoma, kwa vijana wanaobadilisha kwacha na shilingi, na kwa hamu ya kuondoka. Hata kile kituo cha pamoja cha mpakani, kilichozinduliwa tarehe 5 Oktoba 2019 na Rais John Magufuli wa Tanzania na Rais Edgar Lungu wa Zambia ili mzigo ukaguliwe mara moja badala ya mara mbili, kilisifiwa kwa jambo hilo hilo: kwamba sasa watu watapita upesi zaidi. Ni nadra mji kusifiwa kwa wepesi wa kuuacha nyuma.

Lakini ipo Tunduma nyingine, na ipo Songwe nyingine, ambayo haionekani na mtu aliyekaa juu ya magurudumu. Mkoa wa Songwe ulimegwa kutoka Mbeya mwanzoni mwa mwaka 2016, makao yake makuu yakawekwa Vwawa, na jina ukalipata kwa mto. Nchi iliyomo ndani ya mipaka yake ni nchi ya watembeaji. Njia zake zilifunguliwa kwa miguu, mpaka wake ulipimwa kwa miguu, vita vyake vilibebwa vichwani, na hata reli yake ilitanguliwa na watu waliotembea miezi mingi porini. Anayetaka kuisoma historia hiyo hana budi aache gari. Achukue treni kila inapopatikana, baiskeli kila anapoipata, na miguu yake siku zote. Matembezi ya siku moja moja yanatosha, mradi mtembezi arudi kulala Tunduma au Vwawa, na asubuhi yake ashike upande mwingine.

Msomaji wa visiwani hahitaji kuhubiriwa juu ya jambo hili. Mji Mkongwe una vichochoro ambavyo gari haliwezi kuviingia hata likitaka, na mwenye kuujua mji huo ni yule aliyepotea ndani yake kwa miguu akatokea Malindi alipodhani atatokea Shangani. Lamu imeishi na punda na mashua karne nyingi. Na kule Uingereza, katika mji wa chuo kikuu wa Cambridge, mgeni hushauriwa aache gari nje ya mji, aingie kwa miguu au kwa baiskeli, au akodi mashua inayosukumwa kwa upondo katika mto Cam, upondo ule ule ambao nahodha wa kidau cha Makunduchi angeutambua. Miji ya namna hiyo imekubaliwa kuwa ni ya kutazamwa polepole. Tunduma haijawahi kupewa heshima hiyo.

Cambridge haikutajwa kwa pambo. Uzi mmoja wa habari ya Tunduma unaanzia huko. Tarehe 4 Desemba 1857 David Livingstone alisimama katika ukumbi wa seneti wa chuo kikuu hicho, akawaomba vijana wa Kiingereza waje Afrika. Kutokana na hotuba hiyo ikaundwa misheni ya vyuo vikuu, ile ambayo watu wa Unguja waliizoea kwa herufi zake nne, UMCA. Baada ya kushindwa katika bonde la mto Shire, misheni hiyo ilihamia Zanzibar mwaka 1864, na baadaye ikajenga kanisa lake Mkunazini, juu ya uwanja uliokuwa soko la watumwa. Edward Steere, aliyeandika kitabu mashuhuri cha sarufi ya Kiswahili, alikuwa mtu wao. Na miongoni mwa watu waliohusiana nao tangu siku za Shire alikuwamo kijana mmoja wa Kiyao aliyekombolewa utumwani mwaka 1861, jina lake Chuma.

Huyu Chuma anastahili kukaliwa kwa muda, kwa kuwa ni mmoja wa watembeaji wachache wa karne ile ambao jina lao halikuzama. Alikuwa na Livingstone hadi mwisho. Mzee yule alipofariki Chitambo, mwezi wa Mei 1873, Chuma na mwenziwe Susi waliongoza kundi lililoubeba mwili wake kwa miezi kadhaa hadi Bagamoyo, wakifika Februari 1874. Mwaka huo huo wawili hao wakapelekwa Uingereza kumsaidia Horace Waller kutayarisha shajara za marehemu kwa ajili ya kuchapwa. Waliokuwa wameiona nchi walikuwa wao; aliyetia jina lake kama mhariri alikuwa Waller. Kisha Chuma akarudi Zanzibar, akafanya kazi ya kuongoza misafara.

Mwaka 1879 Shirika la Kifalme la Jiografia la London lilituma msafara kutoka Dar es Salaam kwenda maziwa ya kusini. Mkuu wake, Keith Johnston, alifariki njiani kabla hata msafara haujatoka katika nchi za karibu na pwani. Uongozi ukamwangukia Joseph Thomson, kijana wa miaka 21 ambaye hakuwa ameiona Afrika kabla ya hapo. Wazungu wamezoea kuiandika safari hiyo kama ushujaa wa Thomson. Mwenye kusoma kwa makini ataona kwamba kijana yule aliokolewa na kuwa na Chuma kama kiongozi wa wapagazi: mtu aliyejua lugha nyingi, aliyejua namna ya kusalimia chifu, na aliyejua lini msafara upumzike na lini usipumzike. Walifika kaskazini ya ziwa Nyasa, wakapanda uwanda wa juu, wakaukata kuelekea magharibi hadi ncha ya kusini ya ziwa Tanganyika. Uwanda huo ndio ambao leo Tunduma imekaa juu yake. Chuma alifariki Zanzibar mwaka 1882, mwaka ule ule aliofariki Askofu Steere. Steere ana kaburi lake kanisani Mkunazini.

Mtembezi anayetoka Tunduma asubuhi, akaacha njia panda ya Sumbawanga nyuma yake na kupanda kidogo kwenye vilima vya pembeni, anaweza kuiona sababu ya watu wote hao kupita hapa. Nchi ni ya wazi, yenye mbuga, miti mifupi na mashamba ya mahindi. Upepo wake ni wa baridi kuliko anavyotarajia mtu wa pwani. Ni daraja la nchi kavu baina ya maziwa mawili makubwa. Na ni paa vilevile. Katika eneo hili mvua moja hugawika mara tatu. Maji yanayoteremka kaskazini huingia katika mto Momba na kuishia ziwa Rukwa, ziwa lisilo na mlango wa kutokea, ambalo maji yake hayana njia nyingine ila kupanda juu kwa jua. Yale ya mashariki hufuata mto Songwe hadi ziwa Nyasa, na kutoka hapo kwa Shire na Zambezi hadi Bahari ya Hindi. Yale ya kusini huteremkia Chambeshi, mto unaohesabiwa kuwa chanzo cha mbali kabisa cha mto Kongo, na safari yao humalizikia Bahari ya Atlantiki. Aliyemo ndani ya basi hawezi kulijua hilo. Mtembezi hulijua kwa kuangalia vijito vinaelekea wapi.

Na kuna mito miwili ya Songwe, jambo linalowachanganya wageni kila siku. Mmoja ni huo wa mpakani, unaotenga Tanzania na Malawi na kuingia Nyasa. Wa pili hutoka upande wa Mbeya ukaelekea Rukwa, na kandokando yake zipo chemchemi za maji ya moto na miamba ya chokaa. Jina moja, mito miwili, na kila mmoja umempa mgongo mwenziwe.

Mgawanyo huu wa maji ndio uliochora mpaka. Miaka michache baada ya safari ya Chuma na Thomson, James Stevenson, tajiri wa Glasgow, alitoa fedha ili ijengwe barabara ya kuunganisha Nyasa na Tanganyika. Kazi ilianza mwaka 1881. Mhandisi wa kwanza, James Stewart, alifariki mwaka 1883. Aliyemfuata, William McEwan, akafariki mwaka 1885. Barabara yenyewe ilifanyiwa kazi ya kweli katika sehemu yake ya mashariki tu, kutoka Karonga kupanda milimani; kwingineko ilibaki njia ya miguu kama ilivyokuwa kabla ya Stevenson kuzaliwa. Hata hivyo ramani za Ulaya ziliiandika kwa jina lake, na mpaka leo vitabu vinaiita Barabara ya Stevenson.

Juu ya njia hiyo wapagazi walipitisha meli. Wamisheni wa London walitaka stima katika ziwa Tanganyika. Ikaletwa vipande vipande kwa Zambezi, Shire na Nyasa, kisha ikabebwa kuvuka uwanda hadi upande wa pili, ikaunganishwa na kuelea mwaka 1885. Jina lake lilikuwa Good News. Mabati ya ubavu wa meli si mzigo wa kichwa kimoja wala hayakukatwa kwa kipimo cha bega la mtu, na njia ilikuwa ya mamia ya kilomita. Majina ya wamisheni waliokuwamo yamehifadhiwa. Ya waliobeba, mtafutaji atachoka kabla ya kuyapata.

Wakati huo huo Waswahili wa pwani walikuwa tayari wamefika pande hizi kwa biashara yao ya pembe na watumwa. Mlozi bin Kazbadema, aliyejenga ngome karibu na Karonga, alipigana na kampuni ya Kiskoti ya maziwa tangu mwaka 1887, na vita hivyo viliifunga njia kwa muda. Waingereza walimnyonga mwaka 1895. Haifai kumfanya shujaa, kwa kuwa vijiji vilivyochomwa kwa amri yake vilikuwa vya watu wasio na kosa. Wala haifai kusahau kwamba lugha iliyotumika katika ngome yake, katika misafara ya misheni na baadaye katika kambi za Wajerumani ilikuwa moja, nayo ni hii.

Kisha ikaja kalamu. Tarehe 1 Julai 1890, Uingereza na Ujerumani zilitia saini mjini Berlin mkataba ambao kila mtoto wa shule Zanzibar amewahi kuusikia, kwa sababu ndio ulioweka Unguja na Pemba chini ya ulinzi wa Waingereza. Wachache huambiwa kwamba mkataba huo huo ndio uliochora mstari wa Tunduma. Kutoka mto Songwe mstari ulipelekwa kufuata mwinuko unaotenga maji ya Kongo na mengine, hata ukafika mto Kalambo na ziwa Tanganyika; nayo Barabara ya Stevenson ikaachwa upande wa Waingereza. Visiwa na uwanda huu vilikatiwa shauri siku moja, katika karatasi moja, na watu ambao hawakuwa wameviona. Ilikuwa lazima mtu aje kuutembea mstari huo baadaye. Kazi hiyo ilifanywa mwaka 1898 na tume ya mataifa mawili, Kapteni Charles Close akiongoza upande wa Waingereza, wakapima kwa nyota na kusimika alama. Wanyamwanga na Wanyiha walijikuta wana ndugu upande wa pili wa alama hizo. Wapo hivyo hadi leo, na katika soko la mpakani lugha zao husikika pande zote mbili, Kiswahili kikiwa katikati kama dalali.

Kwa wapenzi wa fasihi ipo sababu nyingine ya kuutazama uwanda huu. Selim bin Abakari, Mngazija, alisafiri pamoja na Wajerumani katika ule msafara wa Wissmann wa kupeleka stima ziwa Nyasa, stima iliyoanza kuelea huko mwaka 1893. Habari ya safari hiyo aliiandika mwenyewe kwa Kiswahili, na Carl Velten akaichapisha mwaka 1901 katika mkusanyo wa Safari za Wasuaheli. Katika mkusanyo huo huo imo safari yake ya Urusi na Siberia ya mwaka 1896. Ni jambo la kustaajabisha kidogo kwamba nathari ya Kiswahili ya kisasa, katika hatua zake za mwanzo, ilikuwa nathari ya kutembea: siku, kambi, maji, chakula, desturi za watu, kisha siku nyingine. Walioandika hawakujiita watalii. Lakini macho yao yalikuwa macho ya mtalii aliye bora, anayeuliza kabla ya kuhukumu, na anayejua bei ya kuku katika kila kijiji alicholala. Wanafunzi wetu husomeshwa safari za Livingstone na Stanley; safari za Mngazija huyu ni wachache wanaozijua.

Siku ya pili inafaa itolewe kwa vita. Mwaka 1899 Wamoravian walifungua misheni Mbozi, na Traugott Bachmann akakaa huko hadi mwaka 1916, akijifunza Kinyiha na kutafsiri maandiko katika lugha hiyo. Yeyote aliyewahi kutafsiri atamwonea wivu kwa miaka hiyo kumi na saba ya kusikiliza. Vita Vikuu vya Kwanza ndivyo vilivyomtoa. Mpaka wa Tunduma uliokuwa wa kupimwa ukawa wa kupigania. Fife, kituo cha Waingereza kilichokuwa upande ambao sasa ni Zambia, si mbali na Nakonde, kilishambuliwa zaidi ya mara moja. Mwishoni mwa Oktoba 1918 Jenerali von Lettow-Vorbeck, akirudi kutoka Msumbiji na kikosi kilichochoka, alipita nchi ya Mbozi, na mwanzoni mwa Novemba akaijaribu Fife, akaikuta ina nguvu, akaiacha na kuendelea kusini hadi Kasama. Huko ndiko habari za kumalizika kwa vita Ulaya zilikomfikia, siku kadhaa baada ya mapatano. Alisalimisha silaha Abercorn, mji unaoitwa sasa Mbala, tarehe 25 Novemba 1918. Pamoja naye walikuwapo Wazungu 155 na askari 1,168, na nyuma yao wapagazi, wanawake na watoto kwa maelfu.

Hao wa nyuma ndio historia yenyewe. Katika nchi hizi zenye mbung'o, ng'ombe na farasi hawakudumu. Risasi, unga, dawa na machela za majeruhi vilisafiri vichwani. Upande wa Waingereza peke yake waliandikishwa wapagazi wanaokadiriwa kufikia milioni moja katika vita vya Afrika Mashariki, na waliokufa, wengi wao kwa njaa, kuhara na homa, wanakadiriwa kukaribia laki moja. Katika pande za Nyasa na Rhodesia ya Kaskazini waliitwa tengatenga. Dar es Salaam iliwakumbuka bila ya kukusudia, kwa jina la Kariakoo, lililotokana na kikosi chao. Tunduma haina hata jina. Mtembezi anayefuata njia za vijiji kuelekea Mbozi anatembea juu ya njia yao, na hakuna jiwe la kumwambia hivyo.

Baada ya hapo gari lilishika nchi. Rhodesia ya Ian Smith ilipojitangazia uhuru wake wa wazungu wachache mwezi wa Novemba 1965, Zambia ilikosa njia ya bahari, na mafuta yakaanza kupelekwa kwa malori kutoka Dar es Salaam kupitia hapa, juu ya barabara ya vumbi na tope. Kwa wingi wa ajali zake ilipewa jina la njia ya Jahanamu. Bomba la mafuta la TAZAMA, lenye urefu wa kilomita 1,710 hivi, lilimalizika mwaka 1968, lami ikafuata, na Tunduma ikageuka kutoka kijiji cha mpakani ikawa foleni yenye mji pembeni yake.

Reli ni habari tofauti kidogo. Uamuzi wa kuijenga kwa msaada wa China ulitiwa saini Beijing Septemba 1967. Kabla ya tingatinga lolote kuwashwa, wapimaji kumi na wawili wa Kichina walitembea kwa miguu miezi tisa kutoka Dar es Salaam hadi Mbeya wakitafuta mahali pa kupitisha njia. Ujenzi ulizinduliwa Oktoba 1970. Njia ikafika mpakani Tunduma Agosti 1973. Na reli yote, kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi, ikakabidhiwa kwa serikali mbili tarehe 14 Julai 1976. Huduma ya abiria imekuwa na vipindi vya kusimama na kurejea, na anayeitegemea sharti aulize kwanza kituoni. Lakini inapokuwapo, hakuna njia bora ya kuutazama mkoa huu kuliko dirisha la treni baina ya Mbeya na Tunduma: mashamba ya kahawa ya Mbozi, mito midogo, nyumba za tofali za kuchoma, na watoto wanaopunga mikono kwa treni ambayo wazazi wao waliipungia pia. Mwendo wake ni wa taratibu. Wanaolalamikia jambo hilo wana mizigo ya kuwahi, na haki ni yao. Asiye na mzigo asiungane nao.

Njiani, kilomita chache kabla ya Tunduma, pana mji mdogo uitwao Mpemba, ambapo hutoka barabara ya kwenda Isongole na mpaka wa Malawi. Msomaji wa Wete au Chake asiharakishe kudai ujamaa. Majina hukutana njiani kama watu. Lakini kama atataka kupiga picha chini ya kibao, hakuna atakayemkatalia.

Siku ya tatu ni ya Kimondo. Kutoka Vwawa hadi Ndolezi, kwenye mteremko wa mlima Marengi, ni zaidi kidogo ya kilomita 10 kwa mstari ulionyooka, na njia haijui kunyooka. Kwa baiskeli ni mwendo mzuri, kwa miguu ni asubuhi nzima. Mwisho wake lipo pande la chuma lenye urefu wa mita tatu na kimo cha mita moja hivi, linalokadiriwa kuwa na uzito wa tani 16. Sehemu yake kubwa kabisa, kiasi cha asilimia 90, ni chuma; inayobaki karibu yote ni nikeli. Wenyeji walilijua zamani. Ulimwengu wa wasomi ulilijua mwaka 1930, W. H. Nott, mpima ardhi, alipotoa taarifa yake, na mwaka huo huo mtaalamu wa idara ya jiolojia, D. R. Grantham, akaja kukata kipande kwa msumeno wa chuma, kazi iliyomchukua saa nyingi. Alama ya mkato ule ingali hapo, laini kama kioo cha zamani, na ndiyo sehemu inayoshikwa na kila mgeni. Udongo uliokuwa ukilizunguka ulichimbwa, pande likabaki juu ya nguzo ya udongo. Shimo la kuanguka kwake halikuonekana, jambo linaloonyesha kwamba lilianguka zamani sana, na ardhi ikapata wakati wa kujifunika.

Kwa Waswahili wa pwani neno kimondo lina hadithi yake. Wazee walisema kuwa ni mwenge anaotupiwa shetani anaposogea kusikiliza siri za mbinguni. Mtoto aliyekiona hufundishwa kusema maneno ya kujikinga. Ni ajabu basi kufika bara, kilomita mamia kutoka baharini, na kukuta mwenge huo umelala chini, umepoa, watoto wa shule wakiukalia. Na ajabu nyingine ni majirani wake. Wanyiha walikuwa wahunzi wakubwa. Waliyeyusha mawe ya ardhini katika matanuri marefu ya udongo yaliyozidi kimo cha mtu, yaliyovuta upepo yenyewe, kisha wakasafisha chuma katika matanuri madogo kwa mivukuto, wakafua majembe yaliyofika mbali kwa biashara. Majembe ya kigeni ndiyo yaliyowaua kazi. Matanuri mengi yamebomoka, na vijana wa Mbozi wanaojua walipokuwa babu zao wakivukuta wamebaki wachache kuliko wanaojua uzito wa Kimondo.

Lipo jiwe la pili, na hilo si la siku moja. Tarehe 16 Desemba 1938 lilianguka Ivuna, chini kabisa karibu na ziwa Rukwa, mahali pa chemchemi za chumvi ambapo watu walichemsha chumvi karne nyingi kabla ya Mzungu wa kwanza. Brian Fagan na John Yellen walichimba mabaki ya kazi hiyo katika miaka ya 1960. Jiwe lililookotwa lilikuwa na gramu 705 tu, chini ya kilo moja, jeusi na lenye kumomonyoka. Ukilipima na Kimondo cha Mbozi ni kama punje mbele ya gunia. Lakini wanajimu wa dunia nzima wanaligombania hilo dogo, kwa kuwa limehifadhi mchanganyiko wa elementi unaokaribia sana ule wa jua, pasipo gesi zake nyepesi. Aina nzima ya mawe adimu kama hayo imepewa herufi ya Ivuna katika jina lake. Mwaka 2008 Makumbusho ya Historia ya Asili ya London yalijipatia kipande chake. Na chombo cha Wajapani kilipoleta vumbi la sayari ndogo ya Ryugu mwezi wa Desemba 2020, wataalamu waliolichunguza walitamka kwamba linafanana na Ivuna. Katika lugha za Tokyo na London, kijiji cha wachemsha chumvi wa Momba kimekuwa kipimo cha mbingu. Vwawa na Tunduma hilo halisemwi sana.

Anayetaka kwenda Ivuna ajipange kwa siku kadhaa, ateremke ukingo wa bonde la ufa, na achukue maji ya kutosha. Mwenye siku moja iliyobaki atafanya vyema kubaki Tunduma, azunguke soko, akachukue hati zake na kuvuka kwa miguu kwenda Nakonde, upande ilikopita njia ya wabeba meli. Mwendo ni wa dakika chache, malori yakiwa yamesimama kulia na kushoto. Saa za Tanzania zimetangulia za Zambia kwa saa moja. Anayeondoka Tunduma saa kumi na mbili kasorobo jioni, wafanyabiashara wakianza kufunga meza zao, hukuta Nakonde ni saa kumi na moja kasorobo, na nyanya bado zimepangwa mafungu.